Mnauliza, Tunajibu: Mazimwi Nyuma, Mashine ya Wakati Mbele

Barua za toleo hili karibu zote zina sura moja. Wasafiri wa wakati wametua pasipofaa, mazimwi yananusa nyayo zao, na aliyeandika barua amekwama: huyu kwenye mswada, yule kwenye kinyago kilichopasuka, mwingine anataka tu tumwamulie ubishi. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na majina tumeyaacha kama wenyewe walivyojiita.

Kwa nini wasirudi saa moja nyuma?

SWALI: Ndugu wahariri, tunaandika epizodi ya dakika 45. Wasafiri watatu wamenaswa ndani ya kituo cha utafiti kilichohamwa, na mazimwi yamo humo humo. Kila tunayempa asome anauliza: mashine ya wakati wanayo, kwa nini wasirudi saa moja nyuma wakafunga mlango? Tumekosa jibu. — Watatu Tuliokwama

JIBU: Wasomaji wenu wana haki. Mwenye mashine ya wakati ana ufunguo wa kila mlango, na mtu wa namna hiyo hafukuziki. Kwa hiyo kabla hamjaandika tukio la kwanza, amueni mashine haiwezi nini.

Kufuli zinazofanya kazi ni chache. Ya kwanza ni kuwatenga na mashine yenyewe. H. G. Wells alifanya hivyo mwaka 1895 katika The Time Machine: msafiri wake anafika mwaka 802,701, anazungukazunguka, na akirudi anakuta mashine imeburutwa ikafungiwa ndani ya kitako cha sanamu kubwa. Kuanzia hapo ni mtu wa miguu kama sisi. Ya pili ni muda wa kujaza nguvu. Ya tatu ni sheria ya wakati: hawawezi kuingia katika saa ambayo tayari wamo. Tamthilia ya Doctor Who, iliyoanza BBC tarehe 23 Novemba 1963, ilikuwa na kufuli rahisi kuliko zote katika miaka yake ya mwanzo. Rubani hakuweza kuiongoza mashine yake akafika alikotaka, kwa hiyo kuondoka kulikuwa sawa na kumtupa moja kwa moja rafiki aliyeachwa nyuma.

Chagueni moja, zisizidi mbili. Kwa epizodi yenu sisi tungechukua muda wa kujaza: mashine hairuki tena mpaka zipite dakika 20. Utamu wake ni kwamba dakika hizo mnaweza kuzipitisha kwenye skrini zilivyo, dakika kwa dakika, mtazamaji akawa anahesabu pamoja nao. Sheria hiyo isikike kabla ya ukurasa wa 8, tena isikike katika jambo dogo lisilo na hatari. Mmoja amesahau koti katika mwaka waliotoka, anataka kulifuata, anaambiwa asubiri dakika 20, ananung'unika. Basi. Mkiisema ukurasa wa 22, zimwi likiwa mlangoni, itaonekana kiraka hata kama mliipanga tangu siku ya kwanza.

Kuna uamuzi mwingine ambao barua yenu haikuutaja: je, yaliyopita hubadilika? Wapo wanaosema hayabadiliki, na kila unachofanya huko nyuma kilikuwa tayari kimefanyika. Mwanafizikia Igor Novikov aliitetea hoja ya namna hiyo katika miaka ya 1980. Wapo wanaosema hubadilika. Wapo wanaosema kila badiliko huzaa ulimwengu mwingine kando. Kwa hadithi ya kufukuzwa, wa kwanza ndio wenye hofu nzuri: wasafiri wakikuta mifupa dakika ya 6, na kiatu kilicho kwenye mifupa hiyo mmoja wao amekivaa, hamhitaji muziki wa kutisha. Wa tatu ndio dhaifu kabisa, kwa kuwa anayeliwa hapa yuko hai mahali pengine, na mtazamaji analijua hilo.

Kurasa ngapi?

SWALI: Dakika 45 ni kurasa ngapi za mswada, na siku ngapi za kurekodi? — M.K.

JIBU: Ukurasa mmoja huhesabiwa dakika moja, kwa hiyo kurasa 45 hadi 50. Ila hesabu hiyo imejengwa juu ya mazungumzo. Mstari mmoja usemao "wanakimbia hadi ghorofa ya chini" unaweza kula sekunde 40 za skrini na nusu siku ya kazi. Kikosi kilichozoea hurekodi kurasa 4 au 5 kwa siku. Siku yenye vazi la zimwi ipangieni 2 au 3.

Zimwi lionekane lini?

SWALI: Shikamooni wakubwa. Mwenzangu anataka zimwi lionekane dakika ya kwanza ili watu wasibadili chaneli. Mimi nasema lifichwe mpaka mwisho. Nani mshindi? — Mwoga wa Giza

JIBU: Marahaba. Hakuna mshindi kati yenu.

Waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha walikuwa wanazungumzia ndugu, lakini katika tamthilia usemi huo una maana ya pili: zimwi ambalo mtazamaji amekwisha kulijua halimtishi sana. Kulificha mpaka mwisho nako kuna ubaya wake. Mtazamaji anaanza kushuku kwamba hamna zimwi, mna mlango unaogongwa tu.

Lipeni vipande. Kwanza alama: kitu kilichobonyea ambacho mkono wa mtu hauwezi kukibonyeza. Kisha kiungo kimoja. Kisha umbo zima, kwa mbali au kwa nyuma ya kioo chenye ukungu, karibu na katikati ya epizodi. Uso kwa karibu mara moja tu, na usizidi sekunde 2. Wadalek, mazimwi ya chuma ya Doctor Who, waliingizwa kwa namna hiyo. Epizodi ya tarehe 21 Desemba 1963 ilikatika mwanamke akipiga kelele mbele ya mkono wa chuma unaomjia, mkono tu. Kiumbe chenyewe kilionekana wiki moja baadaye. Na mbunifu wake, Raymond Cusick, alikinyima miguu. Jicho la mtazamaji likikosa miguu linakosa pa kumtafutia mtu aliyemo ndani, ilhali yupo, ameketi anasukuma.

Ongezeni jambo moja: zimwi nalo liwe na lisichoweza. Halioni, au halivuki maji, au haligeuki haraka. Zimwi linaloweza kila kitu linachosha kama mashine inayoweza kila kitu.

Jicho moja baada ya jingine

SWALI: Kuna ile epizodi yenye masanamu ya malaika yanayokusogelea ukipepesa macho. Kwa nini mtu asifumbe jicho moja, kisha jingine, zamu kwa zamu? Tumebishana wiki nzima. — Kijiwe Kizima

JIBU: Mnaizungumzia Blink, epizodi ya Doctor Who iliyoandikwa na Steven Moffat na kurushwa tarehe 9 Juni 2007. Sheria yake ni kwamba malaika hao wakitazamwa huwa jiwe, wasipotazamwa hukimbia. Wakikugusa wanakutupa miaka ya nyuma na kujilisha siku ambazo ungeziishi huku.

Tuchukue hesabu. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 hadi 20 kwa dakika, na kila pepeso huchukua kati ya sehemu 1 na 4 za kumi za sekunde. Tukishika mara 15 na sekunde 0.3, macho yako yamefumba sekunde 4.5 katika kila dakika, yaani asilimia 7.5 ya muda wote. Sanamu linalokwenda mita 10 kwa sekunde linapata mita 3 kwa kila pepeso. Chumba cha kawaida limekwisha kukivuka kwa pepeso mbili.

Jicho moja moja? Inawezekana kwa muda mfupi. Tatizo ni misuli: kufumba jicho moja si kazi ambayo uso umeizoea, na ukichoka au ukishtuka macho yote mawili yanafumba pamoja, kwa kuwa mshtuko wenyewe huleta pepeso. Na mtu mwenye malaika mbele yake atashtuka.

Dawa ni wenzako. Watu wawili wasiopepesa kwa pamoja wanaacha pengo la 0.075 mara 0.075 ya muda wote, ambayo ni karibu sekunde 0.34 kwa dakika. Wakiwa watatu pengo linashuka hadi sekunde 0.025. Hapo mtaona kijiwe kizima kina nafuu. Ila hesabu hii inadai kila mtu apepese kivyake, na watu wanaotazama kitu kimoja huelekea kupepesa pamoja pale jambo linapotulia kidogo. Mwandishi mwenye roho mbaya angeanzia hapo.

Kwa wanaotaka kurekodi sanamu la aina hiyo: msigandishe picha nzima. Picha ya kamera ina chembechembe zinazocheza muda wote. Zikiganda, jicho linahisi udanganyifu hata lisipojua sababu. Gandisheni eneo la sanamu tu, mandhari iendelee, kisha mrudishie eneo hilo chembechembe wakati wa kuhariri.

Vazi linapasuka viwiko, na aliyevaa anazimia

SWALI: Tumetengeneza vazi la zimwi kwa sponji na kinyago cha mpira. Rangi inapasuka viwikoni, kinyago kimenata chenyewe kwa chenyewe, na anayelivaa anaishiwa nguvu baada ya nusu saa. Tumekosea wapi? — Fundi Asiyekata Tamaa

JIBU: Mmekosea mahali patatu, na pa tatu ndipo pa hatari, tuanze napo.

Mtu aliye ndani ya sponji hana njia ya kupoa kwa jasho. Dakika 15, zikizidi 20, kichwa cha zimwi kivuliwe. Si baada ya tukio kuisha, saa ikifika. Kwa hiyo kichwa kitengenezwe kivulike kwa sekunde chache bila kuvua mwili, kwa sumaku au ukanda wa kunata, kamwe kwa gundi au kamba za kufungua mgongoni. Wekeni feni ndogo, ile ya kupozea kompyuta, upande wa juu wa kisogo ikivuta hewa ya moto kwenda nje, na tundu la kuingizia hewa karibu na kidevu. Ikipuliza kuelekea ndani inazungusha joto lile lile na kukausha macho. Aliyevaa apate mtu mmoja wa kumshika mkono ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu, na ishara ya mkono ya kusema "nivueni" ambayo kikosi kizima kinaijua. Ngazi asishuke akiwa amevaa. Kama zimwi lazima lishuke ngazi, rekodini miguu yake peke yake, kichwa kikiwa mezani.

Kuona: macho ya zimwi mara nyingi hayakai yalipo macho ya mtu. Tobo la kuonea liwekeni kwenye mdomo au shingo, mlizibe kwa kitambaa cheusi cha wavu. Mwanga wa mbele ukiwa mdogo wavu hauonekani.

Sasa kinyago. Mpira wa maji, yaani lateksi, unamiminwa ndani ya kalibu ya plasta, na plasta ndiyo inayofanya kazi kwa kunyonya maji. Jazeni kalibu, subirini dakika 20 hadi 30, mmwage unaobaki, muache ukauke kabisa, kwa kawaida usiku mzima au zaidi. Kalibu isipakwe mafuta: mafuta yanaziba vinyweleo vya plasta, na zaidi ya hapo yanaozesha mpira. Kabla ya kubandua, pakeni poda ndani, na kila sehemu inayobanduka ipakwe poda papo hapo upande wa nje pia. Bila poda mpira mbichi hujishika wenyewe, na ukishajishika hauachani bila kuchanika. Hicho ndicho kilichowapata. Mpira huu wa maji una amonia, fungueni madirisha. Na mjue mapema kama mwigizaji ana mzio wa mpira, kwa kuwa mwenye mzio havai hata kwa dakika moja.

Rangi ya viwiko ni jambo dogo. Mmepaka rangi ngumu juu ya kitu kinachokunjwa. Sponji ya EVA, ile ya ndala, kwanza ipitishieni hewa ya moto mpaka ing'ae kidogo, vinyweleo vifunge. Kisha pakeni tabaka 3 au 4 nyembamba za mpira wa maji au gundi inayobaki laini, na rangi mwisho, ikiwa imechanganywa na mpira huo huo. Pale penye kukunjwa sana acheni mfereji kwa makusudi, mfiche kwa magamba yaliyopandana kama vigae. Gundi ya kuunganishia, ile ya mafundi viatu, ipakwe pande zote mbili na iachwe dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kidoleni. Wanaounganisha ikiwa bado mbichi ndio wanaolalamika kwamba haishiki.

Ukorido wa mita 6

SWALI: Tuna ukorido mmoja mfupi, na mswada unataka mbio za dakika 3. — Mpiga Picha Chipukizi

JIBU: Wengi wamefanya mengi kwa pafupi zaidi ya hapo. Ukorido wenu una pande mbili, kwa hiyo tayari ni korido mbili. Hamisheni taa ziwe upande wa pili, badilisheni bomba au kibao ukutani, mtakuwa na nne. Mlango uliopo mwisho ufungwe katika moja, uwe wazi na moshi nyuma yake katika nyingine.

Lenzi ndiyo inayosema kama wanakaribia kuokoka. Lenzi pana, kwa mfano milimita 24, inamfanya anayekuja kwenye kamera aonekane ana kasi kubwa, kwa sababu ukubwa wake unabadilika haraka. Lenzi ndefu, 85 na kuendelea, inamfanya akimbie na asifike, na inalisogeza zimwi lililo nyuma yake mpaka linaonekana liko begani, ingawa kuna mita 4 kati yao. Tumieni ndefu wanapokata tamaa, na pana wanapopata upenyo. Ila kwa mita 6 lenzi ndefu itawabidi kuweka kamera nje ya ukorido, mlangoni au zaidi.

Mwelekeo: wakianza kukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, waendelee hivyo hivyo. Wakitokea ghafla wanaenda kushoto, mtazamaji anaelewa kwamba wamegeuka wanalirudia zimwi. Kosa hili huonekana siku ya kuhariri, na siku hiyo hakuna ukorido tena.

Zimwi lenyewe lirekodini kwa fremu 25 kwa sekunde, lakini shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kwa kila fremu, iwe sekunde 1 kwa 200 badala ya 1 kwa 50 ya kawaida. Ukungu wa mwendo unapotea na mwendo unakuwa wa kukatakata usio wa mtu. Itadai mwanga mara nne, jipangeni. Binadamu waachieni 1 kwa 50, wawe wa dunia nyingine na zimwi la dunia yake.

Mdoli wa sentimita 40

SWALI: Zimwi letu ni mdoli wa sentimita 40, katika hadithi lina mita 6.4. Likianguka linaonekana mdoli. — J.

JIBU: Kitu kikubwa huchukua muda mrefu zaidi kuanguka, na muda huo hufuata kipeuo cha pili cha kimo, si kimo chenyewe. Mdoli wenu ni 1 kwa 16. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, kwa hiyo rekodini fremu 100 kwa sekunde mchezeshe kwa 25. Fungeni tundu la lenzi mpaka f/11 au f/16 ili mandhari ya nyuma isififie, kwani ufifiaji huo ndio unaosema "hiki ni kitu kidogo mezani". Maji na moto viepukeni. Tone la maji halipungui ukubwa kwa sababu mdoli ni mdogo, na mwali wa moto nao hauigi mwali mkubwa.

Sauti yake haisikiki kwenye simu

SWALI: Tulishusha mngurumo wa mbwa ukawa mzito wa kutisha. Kwenye spika kubwa nyumba inatetemeka. Kwenye simu kimya. — Sikio

JIBU: Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kabisa. Mngurumo wenu ukiwa Hz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, simu haitoi chochote. Msiuondoe, ongezeni tabaka juu yake, kitu cha kati ya Hz 200 na 400 chenye mkwaruzo, pumzi ya mtu kooni kwa mfano, kikipanda na kushuka sambamba na ule mngurumo. Sikio litajaza lililokosekana. Tabaka la tatu liwe la juu na kavu: ngozi inayokunjwa, bua la mboga linalovunjwa. Na mkitaka kushusha sauti kwa oktavu moja au mbili, irekodini kwa kHz 96 (sampuli 96,000 kwa sekunde) kama maikrofoni inafaa, la sivyo ikishuka inakuwa kama imefunikwa blanketi.

Kwa zimwi linalosema, kifaa ni ringi modyuleta, na programu nyingi za sauti zinacho. Kinazidisha sauti ya mtu na wimbi la kudumu, na kutoa jumla na tofauti yake. Sauti ya Hz 200 ikikutana na wimbi la Hz 30 inatoka kama 170 na 230, na ile 200 yenyewe haipo tena. Hapo ndipo ubinadamu unapopotea. Sauti ya Wadalek imejengwa kwa njia hiyo, pamoja na usemaji wa kukata silabi, ambao ni nusu ya kazi: mwigizaji akizungumza kwa kawaida mtapata mtu wa kawaida kwenye simu mbovu. Kelele ya mashine ya wakati ya Doctor Who nayo ilianza na kitu cha nyumbani. Brian Hodgson wa BBC aliburuta ufunguo kwenye nyuzi nzito za piano, kisha akaichezea sauti hiyo kwenye tepu.

Msafiri akutane na nafsi yake

SWALI: Mwigizaji wetu ni mmoja, na lazima ajionye mwenyewe kuhusu zimwi. Hatuna kompyuta kubwa. — Pacha Asiye Pacha

JIBU: Kompyuta ndogo inatosha, tripodi ndiyo isitikisike. Fungeni kila kitu cha kamera kiwe cha mkono: fokasi, mwanga, rangi nyeupe. Kimoja kikibaki otomatiki nusu mbili za picha hazitafanana. Wekeni mstari wa kugawia mahali penye kitu kilichosimama wima, ukingo wa mlango au nguzo, na asivuke mtu wala kivuli. Kivuli ndicho kinachosahaulika. Rekodini kwanza yule anayeongoza mazungumzo, kisha sauti yake muicheze sikioni mwa mwigizaji anapokuwa wa pili, na mtu wa kimo kile kile asimame upande wa pili ili macho yajue pa kutazama. Fanyeni upesi kama mwanga ni wa dirishani. Baada ya dakika 15 jua limehama.

Tengenezeni pia jedwali lenye safu mbili kwa kila mhusika: saa ya ukutani na saa ya mwili wake. Jeraha, uchafu na chaji ya tochi hufuata saa ya mwili. Wengi huandika kwa kufuata ya ukutani, na jeraha linapona kabla halijatokea.

Dunia imeshahama

SWALI: Mashine ikirudi nyuma bila kusogea, si itatokea angani? Mwalimu mmoja alisema Dunia haikai. — Mbishi wa Fizikia

JIBU: Mwalimu alisema kweli. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. Inachukua kama dakika 7 tu kuhama kwa upana wake wote, na saa moja ni kilomita 108,000. Mtu atasema basi turuke mwaka mzima, Dunia itakuwa imerudi palepale. Haijarudi: mwaka una siku 365 na karibu robo, na ukiruka siku 365 kamili utaikosa kwa zaidi ya kilomita 600,000. Hapo hatujagusa safari ya Jua lenyewe kuizunguka galaksi.

Lakini swali lina shimo. "Bila kusogea" ukilinganisha na nini? Tangu Einstein, mwaka 1905, hakuna mahali ulimwenguni palipotulia kwa kila mtu. Kwa hiyo mnaruhusiwa kusema mashine imetia nanga kwenye uzito wa Dunia na kuhama nayo, mradi nanga hiyo hiyo iwaadhibu wakiwa angani.

Mkitaka safari ya wakati isiyo ya kubuni, ipo, ila ni ya mbele tu na ni ndogo. Saa za satelaiti za GPS hutangulia zetu kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku; zisiporekebishwa, ramani ya simu ingekosea kwa kilomita 10 hivi kwa siku. Kwa ya nyuma, Stephen Hawking aliandaa karamu ya wasafiri wa wakati tarehe 28 Juni 2009 na kutoa mialiko baada ya karamu kwisha. Hakuja mtu.

Kuruka dakika moja mbele

SWALI: Zimwi liko mlangoni. Nikiruka dakika moja tu mbele, si nimelikwepa? — Mwenye Haraka

JIBU: Dakika hiyo hukuiishi wewe, zimwi limeiishi yote. Limevunja mlango, limezunguka chumba, na limesimama hapo ulipoachia harufu yako. Ruka saa 6, au ruka dakika moja utokee chumba cha pili. Na kama mashine yako haihami mahali, andika tukio hilo hilo ulivyouliza, kamera ikae chumbani na zimwi kwa dakika nzima.